UZI: Picha na mafaili yetu yasipotee. Wa Lamu, Malindi na visiwani, tukae hapa

Fundi_Langoni

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nafungua uzi huu kwa sababu jambo lenyewe linaniuma. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na simu, na hakuna mteja anayenitia huzuni kama yule anayeweka diski mezani akasema, "Fundi, nitolee picha tu, hiyo mashine hata ukiitupa." Mashine itanunuliwa nyingine. Picha za marehemu nyanya amekaa barazani, za mtoto siku ya kwanza ya chuo, za arusi, hizo hazina duka.

Msimamo wangu nausema mapema ili tujadiliane vizuri: nakala ikiwa chini ya paa moja na ile ya asili, bado hujaweka akiba. Moto, mwizi, maji, au stima iliyorudi kwa nguvu baada ya kupotea, vyote hivyo huchukua nakala zote mbili kwa mara moja. Watu wengi hapa kwetu wana diski ya nje, na wamejitahidi kwa hilo, lakini diski hiyo inakaa kando ya laptopu, kwenye meza hiyo hiyo, imechomekwa mchana na usiku.

Kuna kanuni ambayo watu wa kazi hii huifuata, na aliyeieneza ni mpigapicha Mmarekani, Peter Krogh: nakala 3 za kila kitu, kwenye vifaa vya aina 2, na nakala 1 iwe mahali pengine kabisa. Ile ya kwanza ni hiyo iliyo kwenye kompyuta au simu yako. Ya pili ni diski ya nyumbani. Ya tatu iko kwa dada yako Mombasa, au kwa rafiki upande wa pili wa mji, au mtandaoni. Ukikosa yote, anza na ya pili leo na ya tatu mwezi ujao. Usingoje upate vifaa vyote.

Sasa nije kwenye mambo ya pwani, maana maelezo mengi ya mitandaoni yameandikwa na watu wanaokaa mahali pakavu.

Adui wetu mkubwa ni hewa ya chumvi ikichanganyika na unyevu. Chukua flashi iliyokaa miaka miwili kwenye kidaka cha ukuta unaoelekea baharini, uimulike pale kwenye ncha ya kuchomekea. Utaona vile vibati vinne vya ndani vimepoteza mng'ao, na mara nyingine pembeni kuna unga wa kijani. Hiyo ni kutu ya shaba. Flashi kama hiyo ukiichomeka mara inasoma, mara inakataa, na ikikatika katikati ya kuandika ndipo mafaili yanapoharibika. Nyumba zetu za mawe na chokaa ni nzuri kwa joto, lakini kuta zake hunyonya unyevu, na msimu wa mvua za masika utaona hata vitabu vinaota ukungu. Vidaka ni vya kuwekea vyombo vya kaure na mapambo. Diski usiweke humo.

Weka diski kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, la kuhifadhia chakula linatosha, pamoja na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mikoba. Silika huchoka, kwa hiyo ibadilishe kila unapopata mpya. Kopo lenyewe liwe kabatini, ukuta wa ndani, juu ya usawa wa kiuno. Walio karibu na bandari wanajua maji ya bamvua yanafika wapi.

La pili ni stima. Diski ikiandika halafu stima ikapotea, faili lililokuwa likiandikwa linaweza kuharibika, na wakati mwingine orodha nzima ya mafaili. Stima inaporudi ndipo vifaa huungua. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo ni salama zaidi kwa kazi ya kunakili kuliko kompyuta ya mezani isiyo na UPS, lile boksi la betri ya akiba. Na ukimaliza kunakili, toa diski kwa utaratibu, subiri taa itulie, chomoa, rudisha koponi. Isikae imechomekwa.

Sababu nyingine ya kuichomoa ni virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi zaidi ya 150. Virusi vya namna hiyo hufunga kila kinachoonekana kwenye kompyuta, na diski ya akiba iliyochomekwa inaonekana pia. Iliyo kabatini haionekani.

Niishie hapo kwanza. Ulizeni.

MamaWatatu_Shela

Wa alaykumu salaam. Shukran fundi kwa kufungua mada. Mimi sina kompyuta, picha zangu zote ziko kwenye simu, na Google Photos imekuwa ikinipandishia zenyewe. Sasa kila siku naambiwa nafasi imejaa. Mwanangu mkubwa ananiambia nifute zilizo mtandaoni nipate nafasi, kwa kuwa simuni zipo. Ni salama?

Fundi_Langoni

Dada, usifute kitu chochote kwanza. Nakuomba sana.

Google Photos kwa jinsi inavyofanya kazi kwa watu wengi ni kioo: unachokifuta ndani ya apu hiyo kinaondoka mtandaoni na kwenye simu pia. Kinakaa kwenye pipa siku 60 halafu kinapotea moja kwa moja. Kwa hiyo ushauri wa kijana, na najua nia yake njema, ungekufutia picha pande zote mbili.

Nafasi ya bure ni GB 15, na hizo GB 15 zinagawanywa na barua pepe za Gmail na mafaili ya Drive. Zamani picha zilizopunguzwa ubora hazikuhesabiwa, lakini tangu tarehe 1 Juni 2021 kila inayopanda inahesabiwa. Ikijaa, picha mpya hazipandi tena na hata barua pepe hazikufikii. Na hapo ndipo hatari ilipo: watu huendelea kupiga picha miezi na miezi wakidhani ziko salama mtandaoni, kumbe zilizopanda ni za zamani tu.

Fanya hivi. Muombe kijana akae na wewe kwenye kompyuta yoyote mnayoiamini. Aingie Google Takeout, ukurasa wa Google wa kuomba nakala ya data zako, achague Google Photos peke yake, aombe nakala. Google watawatumia viungo kwa barua pepe, na viungo hivyo vinakwisha muda baada ya wiki hivi, kwa hiyo pakueni mapema, mahali penye waifai, si kwa bando. Mafaili yakishuka, fungueni picha kadhaa za mwanzo, za katikati na za mwisho. Mkiona kando ya picha kuna mafaili madogo yenye mwisho wa json, msiyatupe, mna tarehe za picha humo. Kisha nakilini kwenye diski. Halafu tena kwenye diski ya pili. Baada ya hapo ndipo mnaweza kuanza kupunguza zile za mtandaoni.

Na video ndizo zinazokula nafasi. Dakika chache za kasida za maulidi zinaweza kuzidi picha mia.

Barani_Malindi

Mada muhimu hii. Mimi napiga picha za arusi na hafla Malindi na Watamu, kwa hiyo naongea kama mtu ambaye mafaili ndiyo mkate wake.

Kwa heshima, fundi, naona huko mtandaoni umekutaja haraka mno, kama vile ni sawa na diski. Kwa mtu wa kazi yangu si sawa. Tupige hesabu: arusi moja ya siku tatu pamoja na video inaweza kufika GB 200. Mtandao wa kupandisha megabiti 5 kwa sekunde, na hiyo ni siku nzuri, GB 200 zinachukua saa 89. Karibu siku nne mchana na usiku bila kukatika. Na kukatika kupo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, Afrika Mashariki nzima iliona mtandao ulivyozorota. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ililala gizani. Siku kama hizo mtu akitaka mafaili yake ya mtandaoni hayapati.

Mimi natumia diski mbili za sahani (zile zenye sahani inayozunguka ndani) zinazolingana. Moja iko studio, moja iko kwa kaka yangu Mombasa, na kila nikiteremka Mombasa kwa kazi nazibadilisha. Kamera yangu ina nafasi mbili za kadi, na zote zinaandika kwa pamoja. Kadi sifuti mpaka diski zote mbili zina arusi hiyo. Utaratibu ni huo tu, na hautegemei mnara wa mtu.

Malindi tuna jambo lingine: makuti. Studio nyingi na nyumba za wageni zimeezekwa makuti, na kila anayeishi hapa anajua makuti yakishika moto kwenye upepo wa kusi hakuna muda wa kuingia ndani kutafuta diski.

Fundi_Langoni

Kaka, nakubali hesabu yako na nakupongeza kwa utaratibu. Kwa mzigo wa kazi, diski zinazosafiri ndizo jawabu. Mtandao nauona unawafaa wenye picha za familia, GB 30 au 50, zinazopanda polepole usiku. Na kwa wengi wao ndiyo nakala pekee ambayo itakuwa nje ya nyumba bila mtu kulazimika kukumbuka.

Ila niongeze neno kwa anayesoma: wapo watakaosikia "diski mbili" wakanunua kile kiboksi cha diski mbili zinazojinakili zenyewe, wakaridhika. Hicho kinakuokoa diski moja ikifa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Kirusi kikiingia, kinaingia zote. Diski ya kaka yako kule Mombasa haijui umefuta nini leo asubuhi, na huko kutojua ndiko kunakokusaidia.

MwanaPate

Sisi huku kisiwani Pate mtandao ni wa kubahatisha na umeme wetu ni sola. Laptopu naiwasha saa chache. Nimenunua flashi ya TB 2 kwa bei nafuu sana, nikajaza picha zote za familia na za shule ninayofundisha. Zingine zinafunguka, zingine zinaonyesha kijivu nusu. Tatizo ni nini?

Fundi_Langoni

Mwalimu, samahani kukupa habari mbaya, lakini dalili hizo ni za flashi ya uongo. Ndani yake huenda mna GB 32 au 64 tu, na kile kijiprogramu cha ndani kimebadilishwa kiiambie kompyuta ni TB 2. Unapozidi uwezo wake wa kweli inaandika juu ya yale ya mwanzo, au inayatupa. Majina ya mafaili unayaona yote, kwa sababu orodha inaandikwa mwanzoni, lakini vilivyomo ndani havipo. Ndiyo maana ya ile picha ya kijivu nusu.

Usiandike tena chochote humo. Nakili zinazofunguka uzitoe, na kama picha za asili bado ziko kwenye simu au laptopu, ziache palepale mpaka upate kifaa cha kweli.

Kila flashi na kadi ya memori mpya, kabla ya kuiamini, ipimwe. Kwa Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwa Linux na Mac ipo F3. Zote hufanya jambo moja: zinajaza kifaa chote kisha zinasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichopo. Inachukua saa nyingi kwa kifaa kikubwa, kwa hiyo kwa sola panga siku ya jua kali. Kikipita, kitumie. Kikianguka, kirudishe dukani siku hiyo hiyo.

Hata flashi ya kweli siishauri kwa kuhifadhi miaka. Flashi, kadi na SSD (diski zisizo na sahani inayozunguka) hushika data kwa chaji ndogo za umeme, na chaji hizo huvuja polepole kifaa kikikaa bila stima, na joto huongeza kuvuja. Kiwango cha JEDEC, chama cha viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa SSD za watumiaji wa kawaida kinataka ile iliyokwisha kutumika mpaka mwisho wa uhai wake uliokadiriwa ishike data mwaka 1 bila umeme kwa nyuzi joto 30. Ikiwa mpya itashika muda mrefu zaidi ya hapo. Lakini nyuzi 30 ndiyo hali ya chumbani kwetu karibu mwaka mzima. Kwa kuweka kabatini muda mrefu, diski ya sahani ni bora na bei yake kwa kila GB ni nafuu. Ubaya wake ni kuanguka: kichwa chake cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele, ikipigwa chini ikiwa inazunguka mara nyingi ndiyo mwisho wake.

Ukisafiri nayo kutoka Mokowe kuja Lamu, au kwenda Pate, itie kwenye mfuko usioingiza maji na uipakate. Isiwekwe chini kwenye boti, maji ya mawimbi hayakosi.

MwanaPate

Nimekuelewa. Za asili nyingi bado zipo simuni, alhamdulillah. Za mwaka juzi nilikuwa nimezifuta, lakini nilizituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi. Naweza kuzirudisha kutoka huko?

Fundi_Langoni

Utazipata, mwalimu, ila zitakuwa zimepunguzwa. WhatsApp hubana picha inapotuma na kuondoa habari za ndani kama tarehe na saa ya kupigwa. Kwa kutazama simuni zinatosha, kwa kuchapa kubwa ukutani hutoridhika. Zichukue hivyo hivyo. Siku nyingine ukitaka kumtumia mtu picha kamili, itume kama hati, siyo kama picha.

BintiMkomani

Mimi nina wasiwasi ambao sijaona mtu akiugusa. Mnasema peleka diski kwa ndugu, mpe kijana simu akae na kompyuta. Haya. Picha zetu za arusi, za upande wa wanawake, siku ya kutolewa bibi arusi, mnazijua. Wanawake wamevaa walivyovaa kwa sababu wanajua wamo peke yao. Picha hizo zikitoka zikaenda zinakotembea, ni heshima za watu. Mimi nilikataa kupandisha popote na nilikataa kumpa fundi yeyote laptopu yangu. Nakala ni moja tu, naogopa zipotee na naogopa zionekane.

Fundi_Langoni

Dada, asante kwa kulisema. Hili ni kubwa kuliko yote tuliyoyazungumza, na mafundi wengi hulipita.

Una haki ya mambo yote mawili: zisipotee na zisionekane. Njia yake ni kuzifunga kwa msimbo kabla hazijatoka mkononi mwako. Kuna programu ya bure iitwayo VeraCrypt, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Unatengeneza nayo faili moja kubwa, ukilifungua kwa nywila linaonekana kama diski ya kawaida, unamwaga picha ndani, unalifunga. Likifungwa, mtu akilichukua anaona mchafuko wa herufi tu. Faili hilo hata ukilinakili kwenye diski ya shangazi Mombasa, shangazi hawezi kuona, wala watoto wake, wala fundi atakayeitengeneza diski hiyo kesho. Kwenye Mac kuna FileVault kwa kompyuta nzima, na diski ya nje pia inaweza kufungwa. Windows za toleo la Pro zina BitLocker.

Kuweka nywila ya kuingilia kwenye Windows peke yake hakufungi mafaili. Mtu akiitoa diski ndani ya laptopu akaichomeka kwenye kompyuta nyingine anasoma kila kitu, isipokuwa diski yenyewe iwe imefungwa kwa msimbo.

Na kabla ya kumpelekea fundi mashine, yeyote yule, nikiwemo mimi, mwambie unataka kukaa hapo mpaka kazi iishe, au itoe diski ubaki nayo kama tatizo ni kioo au kibodi. Fundi mwaminifu hatachukia. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu ni data yake, lakini heshima ikishatembea kwenye makundi ya WhatsApp sheria hairudishi kitu.

BintiMkomani

Na nywila nikiisahau?

Fundi_Langoni

Hapo hakuna wa kukusaidia, na nakwambia waziwazi. VeraCrypt haina mlango wa nyuma. Tumia sentensi ndefu unayoikumbuka wewe, maneno matano sita yasiyohusiana, usitumie mshororo wa shairi linalojulikana. Iandike kwa kalamu kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha, uiweke kwenye kasha pamoja na dhahabu zako na hati. Karatasi hiyo isikae kwenye kopo moja na diski.

Mjulishe mtu mmoja unayemwamini kwamba bahasha ipo. Wengi wamefariki na picha za familia zimebaki zimefungwa kwenye simu zao. Watoto wanakuja na simu ya marehemu baba wakiniomba niifungue, na simu za sasa haziwezekani. Google wana mpangilio unaokuruhusu kutaja mtu atakayepewa data zako akaunti ikikaa kimya muda uliouchagua mwenyewe. Uwekeni. Na jueni kwamba akaunti isiyoguswa miaka 2 Google wanaweza kuifuta na vyote vilivyomo, kwa hiyo akaunti ya marehemu si mahali pa kuacha picha zake.

Maalim_Mstaafu

Wanangu, nimekuwa nikisoma kimya. Fundi amesema neno la nakala kukaa mbali na nyumba, na mimi nataka kulitia nguvu kwa mambo ya mji wetu.

Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu kwenye karatasi, zikatunzwa majumbani. Mchwa walikula, mvua ilinyesha, wenye nyumba walihama. Zilizotufikia nyingi zimetufikia kwa sababu mtu alikaa akanakili kwa mkono, na nakala ikaenda kwingine. Muhamadi Kijuma, mtu wa hapa Lamu, mwandishi wa khati na fundi wa kuchonga mbao, aliwanakilia wataalamu wa Kizungu tenzi nyingi mwanzoni mwa karne ya 20. Hati za mkono wake zimo leo kwenye maktaba ya chuo cha SOAS, London. Watu wetu wanaotafiti tenzi hizo husafiri kwenda kuzisoma huko, au huzisoma kwenye picha zake. Naumia kwamba ziko mbali, nasema kweli. Lakini ziko.

Kwa hiyo swali langu, fundi. Nina hati za wazee: za ardhi, za ndoa, barua, na daftari moja la kasida la babu yangu. Nataka kuzitia kwenye kompyuta. Nifanyeje zisidhurike?

Fundi_Langoni

Maalim, shikamoo. Umenipa faraja kwa kisa hicho.

Daftari la babu usilipitishe kwenye mashine ya skani yenye mfuniko wa kubana, mgongo wake utavunjika. Lipige picha. Liweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, mwanga wa asubuhi wa kando, usitumie taa ya simu kwa sababu wino wa kale hung'aa na maandishi yanapotea. Anayepiga awe juu, simu sambamba na ukurasa, kurasa zote kwa mfuatano hata zisizo na maandishi. Weka rula pembeni ya ukurasa wa kwanza ili mtu ajue ukubwa wake. Kurasa zilizoshikana msizilazimishe, waulizeni watu wa makumbusho hapo kwanza.

Hati za ardhi na ndoa, hizo za karatasi moja moja, skani ni sawa. Hifadhi kama PDF. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi na siku, kwa tarakimu, kisha maneno: 1974-03-12 hati ya shamba. Hivyo yatajipanga yenyewe kwa mfuatano kwenye kompyuta yoyote. Na karatasi za asili msizitupe hata kidogo, nakala ya kompyuta haichukui nafasi ya hati mbele ya kadhi wala ofisi ya ardhi.

Na kama familia imeridhia, nakala moja ya kasida mpeni ndugu aliye mbali. Tatu, nne, kadiri mnavyoweza. Kitu kama hicho kinafaa kuwa na nakala nyingi kuliko picha zetu sote.

Barani_Malindi

Swali la mwisho kutoka kwangu, maana wateja huniuliza na nataka jibu moja. Diski mpya ifomatiwe vipi ili isome kwa Windows na Mac? Na mtu atajuaje kwamba nakala yake ni nzima?

Fundi_Langoni

Chagua mpangilio wa exFAT. Unasomwa kwa zote mbili na hauna lile tatizo la mpangilio wa zamani, FAT32, la kukataa faili linalofika GB 4. Ubaya wa exFAT ni kwamba haina kumbukumbu ya ndani ya kujirekebisha ikikatwa katikati ya kuandika, kwa hiyo kuchomoa kwa utaratibu ni lazima. Mwenye Windows tupu atumie NTFS, mwenye Mac tupu aiache Time Machine, programu ya akiba ya Mac, ipange yenyewe. Time Machine na File History ya Windows zina faida nyingine: zinaweka matoleo ya zamani, faili uliloliharibu juzi unaweza kurudisha la wiki iliyopita.

Kuhusu kujua kama ni nzima, hesabu ya mafaili kulingana haitoshi. Chomeka diski ya akiba kwenye kompyuta nyingine, siyo ile uliyonakilia. Fungua picha za kila folda, mwanzo na mwisho. Cheza video moja mpaka dakika ya mwisho, kwa sababu zilizokatika hucheza vizuri mwanzoni. Tazama kama kuna faili lenye ukubwa wa baiti 0. Wewe mwenye arusi za watu, tumia programu ya FreeFileSync, ina chaguo la kulinganisha vilivyomo ndani badala ya tarehe na ukubwa. Ni polepole, iachie usiku. Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, izime hapo hapo, usijaribu tena na tena. Ukiwa na nakala nyingine, itumie hiyo. Ukiwa huna, mpelekee mtaalamu wa kurejesha data, na usiifungue kifuniko hata kwa kuangalia, vumbi linaharibu sahani.

Fanya ukaguzi huo mara mbili kwa mwaka, upepo unapogeuka. Kusi ikianza, kagua. Kaskazi ikianza, kagua.

MamaWatatu_Shela

Fundi, kijana amerudi na tumeomba Takeout leo. Imeandika itachukua muda. Diski tununue ya ukubwa gani?

Fundi_Langoni

TB 1 inawatosha kwa miaka, dada. Nunueni mbili, kwa siku tofauti au maduka tofauti ikiwezekana, ili zisiwe za fungu moja la kiwandani. Ya kwanza mkimaliza kujaza, leteni zote mbili dukani tuzilinganishe pamoja, nawe ukiwa umekaa hapo.